Tusekile na Seli za Ng'ombe wa Usangu

Saa mbili na robo asubuhi ukungu bado umeukalia mji wa Iringa, na Tusekile Sedekia ameshafika kazini kwa miguu kutoka Kihesa. Sweta havui. Anavaa koti jeupe juu yake, ananawa mikono kwa sabuni mpaka viwikoni, kisha anafungua kabati la joto na kutoa chupa moja bapa, ndogo kama ya dawa ya kikohozi.

Anaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Maji yaliyomo yalikuwa na rangi ya waridi jana. Leo yamegeuka njano.

"Zina njaa," anasema, kama mtu anayesikia watoto wakilia chumba cha pili. "Zimekula usiku kucha, zimemaliza. Damari, niletee chakula."

Damari, msaidizi wake, anakuja na chupa nyingine iliyopashwa moto kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu. Tusekile anamwaga kidogo, anaongeza kidogo, anafunika. Ndani ya chupa ile kuna seli hai zipatazo milioni tatu, zilizotoka kwenye tezi ya ng'ombe mmoja mgonjwa wa Mufindi. Ng'ombe mwenyewe alikufa wiki iliyopita.

Hii ndiyo kazi yake. Katika maabara ya serikali ya magonjwa ya mifugo yenye wafanyakazi kumi na mmoja, yeye ni mtaalamu mwandamizi wa seli, na ndiye peke yake. Ng'ombe anapougua ugonjwa usioeleweka, iwe Njombe au Chunya, swali huishia mezani kwake. Yeye huchungulia ndani ya seli moja moja na kusema kinachoua.

Ana umri wa miaka arobaini na sita. Mumewe, Liberatus, ni mwalimu Kilolo, na hukutana Jumamosi kwa Jumamosi. Ukimuuliza habari za mshahara anacheka. "Andika kwamba unatosha unga na karo," anasema. "Ukiandika zaidi ya hapo utakuwa umetunga."

Hakuanzia kwenye koti jeupe. Alizaliwa Iyunga, Mbeya, kwa Mzee Sedekia, mkulima wa mahindi na kahawa na mzee wa kanisa. Mwaka 1953 aliajiriwa maabara kuosha vioo vya hadubini. Alikuwa na cheti cha darasa la nane na mikono isiyovunja vitu.

"Niliosha vioo miaka minne bila kujua wanaviangalia nini," anakumbuka. "Siku moja Mzungu aliyekuwa bosi wangu alitoka kwenda kunywa chai. Nikachungulia kwenye hadubini. Nikaona viduara vingi, kila kimoja na kitu cheusi katikati kama kiini cha yai. Nilirudi nyuma nikagonga kiti. Nilidhani vimeniona."

Akasoma sekondari kwa njia ya posta, akiosha vioo mchana na kujibu maswali jioni. Baada ya Uhuru, nchi ilipokuwa inatafuta wataalamu wake yenyewe, jina lake lilipelekwa. Alikwenda Hungaria mwaka 1964, akarudi 1971 akiwa na digrii na koti zito la sufu ambalo hadi leo hulivaa mwezi wa saba.

Lakini watu wa Usangu hawamjui kwa digrii. Wanamjua kwa mambo ya Julai 1976, miaka mitatu iliyopita.

Mwaka huo familia ya Nkuba ilikuwa imehamia bondeni Usangu kutoka Shinyanga. Walikuja na ng'ombe mia tatu na kumi na wawili, wakiwaswaga kwa miguu kwa miezi mingi. Hawakumaliza hata msimu mmoja. Ng'ombe wakaanza kuhema kwa shida, povu likiwatoka puani, na kuanguka. Ndani ya wiki tatu walikufa arobaini na mmoja.

Jambo lililowatia watu hofu ni kwamba ng'ombe wa wenyeji, waliokunywa maji mto uleule, walikuwa wazima. Maneno yakaanza. Wageni wametuletea homa ya mapafu. Na homa ya mapafu ya ng'ombe ni ugonjwa wa kuambukizana kwa pumzi: ikithibitika, dawa yake ni kuua kundi zima kabla halijamaliza makundi ya jirani.

Bwana mifugo wa eneo lile alituma Iringa vioo sita vilivyopakwa majimaji ya tezi za mizoga. Tusekile alivikagua siku nzima. Vilikuwa vimekaa juani, vikaingia vumbi, na seli zilikuwa zimepasuka zote. Havikusomeka.

Kikaitishwa kikao Mbeya. Tusekile aliitwa, na alikuwa mwanamke peke yake mezani.

"Ndugu Tusekile," mwenyekiti wa kikao alimwambia, "watu wanataka jibu. Ni homa ya mapafu au siyo?"

"Sijui bado, ndugu mwenyekiti."

"Wewe ndiye mtaalamu."

"Ndiyo maana nasema sijui. Asiye mtaalamu angekwishajibu."

Kuna waliocheka, kuna walionuna. Mjumbe mmoja aliuliza tunasubiri nini wakati ng'ombe wa wananchi wako hatarini. Tusekile aliomba siku kumi na mbili, kundi lizuiwe lisitoke lilipo, na asiguswe ng'ombe hata mmoja. Walibishana mpaka chakula cha mchana kikapoa. Wakampa.

"Nilitoka pale nikizihesabu zile siku kumi na mbili," anasema. "Kama ingekuwa kweli ni homa ya mapafu, na mimi nimechelewesha, basi ng'ombe wa bonde zima wangekuwa juu ya kichwa changu."

Kesho yake alikuwa Usangu na dereva Saulo kwenye Landrova ya ofisi. Nkuba, mwanamume mrefu mwenye mabega mapana, alisimama mlangoni mwa zizi na fimbo mkononi. Hakuwaamkia.

"Wamekuja watu watatu kabla yako," alisema. "Kila mmoja ana sindano. Kila mmoja akiondoka nasikia kwamba ng'ombe wangu watauawa. Wewe sindano yako inasema nini?"

"Haijasema kitu. Nataka imuulize ng'ombe aliye hai, siyo mzoga."

"Waliobaki hutawagusa."

Mama yake Nkuba, Ng'washi, alikuwa ameketi kando akimshikia ndama kibuyu cha maziwa. Ndama yule mama yake alikuwa amekufa asubuhi ile. Tusekile alimwendea, akapiga goti na kumwamkia kwa neno la Kisukuma alilofundishwa na Saulo njiani: "Mwangaluka, mayu." Ilikuwa imepita saa nane mchana. Bibi alimtazama, akaangua kicheko mpaka kibuyu kikayumba.

"Mwanangu, asubuhi imekwisha zamani," alimwambia kwa Kiswahili cha kuokoteza. Kisha akauliza, "Wewe umezaliwa kwenye ng'ombe?"

"Baba yangu anao wawili, mama. Kila mmoja ana jina."

"Unamchoma wapi?"

Tusekile alijigusa chini ya sikio. "Hapa, penye tezi. Natoa tone moja. Hatakufa kwa sindano yangu. Akifa, atakufa kwa ugonjwa alio nao, na mimi nataka kuujua."

Ng'washi alimgeukia mwanawe, akasema naye Kisukuma kwa muda, mpaka Nkuba akaondoka mlangoni. Mwandishi alipomuuliza Nkuba mwaka huu mama yake alisema nini, alijibu: "Alisema wale watatu waliuliza idadi ya ng'ombe. Huyu anataka kujua kinachowaua."

Walioumwa sana walikuwa wameshakufa. Waliobaki ndiyo kwanza tezi zinaanza kuvimba. Hiyo ilimtia Tusekile wasiwasi, kwa sababu mwanzoni mwa ugonjwa dalili ndani ya seli huwa chache mno na watu wa kikao wangeweza kubisha. Akaamua kufanya vitu vitatu. Alipaka vioo vipya, yeye mwenyewe, kivulini. Alichukua damu ya ng'ombe ishirini ili ipimwe homa ya mapafu. Na alitia majimaji ya tezi, yakiwa hai, ndani ya chupa sita zenye chakula cha seli.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi kuieleza. Seli za tezi zikiwa na afya, hukaa chupani siku chache zikafa zenyewe. Zikiwa zimeingiwa na kidudu cha ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, hazifi. Huzaana bila kukoma. Chupa ingejibu kwa namna ambayo hata asiye mtaalamu angeiona kwa macho: kama yale maji yangekuwa yanageuka njano tena na tena, ni kupe.

Lakini seli hizo zilitaka joto la mwili wa ng'ombe, na maabara ilikuwa mbali, zaidi ya kilomita mia mbili na hamsini, kwenye barabara inayopita sehemu za baridi kali.

Walilala Igurusi. Asubuhi, wakati Saulo anatia maji kwenye injini, utingo wa basi la Mbeya alishuka akiulizia mama wa maabara. Alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwandiko ulikuwa wa dada yake, Atuganile: *Baba yuko hoi. Anakutaja. Njoo.*

Iyunga ilikuwa upande wa magharibi, mwendo wa saa moja. Iringa ilikuwa mashariki. Saulo aliisoma sura yake.

"Daktari, tugeuze?"

Damari alikuwa likizo ya uzazi. Maabara nzima haikuwa na mtu mwingine aliyejua kuzilisha zile seli, na zisingemaliza siku nyingine njiani.

"Niliziangalia zile chupa, nikaiangalia ile karatasi," anasema, na hapa anavua miwani. "Nilimwona bibi Ng'washi na yule ndama. Nilimwona baba. Usiniulize nilichaguaje, sijui. Nilimwandikia dada nyuma ya karatasi yake kwamba nitakuja. Nikamwambia Saulo twende Iringa."

Makambako senta-bolti, ile inayoshika springi za gari, ilikatika. Saulo alikwenda kutafuta fundi. Upepo wa Makambako mwezi wa saba unaingia mpaka kwenye mifupa, na Tusekile alizifunga chupa sita kifuani kwa kitenge, akajifunika koti lake la sufu, akaingia mgahawani kuomba kukaa.

Mama mwenye mgahawa, mtu wa makamo, alimtazama kifua kilivyotuna, akamjia juu.

"We mama, unamtoaje mtoto mchanga kwenye baridi hii? Ana umri gani?"

"Ana siku moja," alijibu Tusekile, na hakuwa amedanganya.

Yule mama alishika mdomo. Akavuta jiko la mkaa mpaka miguuni pake, akamletea uji wa moto, akamfunika mabegani kwa blanketi lake mwenyewe. Saa mbili zilipita. Alipokuja kuomba amwone mtoto, Tusekile alifungua kitenge kidogo na kumwonyesha vizibo vya chupa. Akamweleza yote: ng'ombe, kikao, hata baba.

Mama yule aliongeza mkaa jikoni.

"Basi wapate joto hata hao," alisema. "Na wewe kunywa uji. Baba yako asikukute umekonda."

"Hapo ndipo nililia," anasema Tusekile. "Tangu Igurusi nilikuwa sijalia."

Chupa tatu kati ya sita zilifika hai. Kwa siku tisa alikuwa akizilisha asubuhi na jioni. Siku ya nne maji yaligeuka njano. Akabadilisha chakula. Siku ya sita yakageuka tena. Siku ya nane aliweka tone kwenye kioo, akalitia rangi, akainamia hadubini: ndani ya seli, kando ya kiini, kulikuwa na madoa madogo ya samawati na zambarau yaliyojikusanya kama mayai ya chura. Damu nayo ilirudi safi. Hakukuwa na homa ya mapafu hata kwa ng'ombe mmoja kati ya wale ishirini.

Ilikuwa ndigana kali. Ng'ombe wa wenyeji walikuwa wameizoea tangu wakiwa ndama, kwa kuumwa na kupe wa bondeni na kupona. Wa Nkuba walitoka mahali ambapo kupe wale ni wachache, na miili yao haikuujua ugonjwa. Hawakuwa wameleta kitu. Waliukuta.

Alirudi kikaoni na chupa moja mkononi. Alieleza kwa robo saa. Mwenyekiti aliizungusha chupa kwenye mwanga kwa muda, akairudisha mezani polepole, akasema kundi lisiuawe, lipelekwe josho.

Jioni ileile alikuwa Iyunga. Atuganile alikuwa nje anaanua nguo. Hakuitikia salamu.

Ndani, Mzee Sedekia alikuwa amelala ubavu. Alikuwa amepungua mno, lakini macho yalikuwa yaleyale.

"Ndaga, mwanangu," alimsalimu kwa Kinyakyusa. "Ulikuwa na wagonjwa?"

"Ndiyo, baba. Ng'ombe zaidi ya mia mbili na sabini."

Mzee alifikiri, midomo ikicheza kana kwamba anahesabu. "Basi mimi nilikuwa nyuma kabisa ya foleni," alisema, akampapasa kichwa. "Wamepona?"

"Hawatauawa."

"Vizuri. Sasa nipe maji."

Mlangoni Atuganile alikuwa amesimama na nguo mikononi. "Mimi nimembeba baba mgongoni kwenda chooni siku kumi na moja," alisema. "Wewe ulibeba chupa."

Tusekile alichukua beseni, akaenda kufua mashuka. Aliomba likizo akakaa pale wiki tatu, akimlisha baba yake kijiko kwa kijiko. Mzee Sedekia aliishi miezi minne baada ya hapo, na mwanawe alikuwepo siku anakata roho.

"Na dada, mmepatana?"

"Hatujawahi kuikalia chini hiyo habari," anasema. "Ila kila mwisho wa mwezi basi la Mbeya linashusha mzigo wangu. Ndizi, maharage, parachichi. Hakuna barua ndani. Na mimi nampelekea sabuni na khanga. Nadhani tunaongea."

Hataki habari hii isemwe kama ushindi. Ng'ombe wengine hamsini na sita wa Nkuba walikufa kabla josho halijafanya kazi. Walibaki mia mbili na kumi na watano. "Sikuwaokoa wote," anasisitiza. "Na vile vioo sita vya kwanza vingesomeka, tungejua mapema, na wengine wangekuwa hai. Hicho ndicho kinachoninyima raha."

Ndiyo maana sasa ana mpango. Igurusi amepewa chumba kimoja chenye meza na madirisha mawili. Anataka kukifanya maabara ndogo, ili tone la tezi lisisafiri siku mbili ndipo lisomwe. Hadubini amepata, ya zamani, aliyoitengeneza mwenyewe. Na kila mwezi huenda kuwafundisha wafugaji watano, wanaume watatu na wanawake wawili, kutoa tone na kulipaka kwenye kioo bila kupasua seli. Mwakani anataka wawe kumi na wawili, kila kijiji cha bonde kiwe na mmoja.

Wiki iliyopita mmoja wa wanafunzi hao, Nkuba, alikaa mezani kwa mara ya tano. Mara nne za kwanza alipaka kwa nguvu mno.

"Usikamue, baba," Tusekile alimwambia. "Kioo chenyewe kiteleze. Wewe kishikilie tu."

Nkuba alishusha pumzi. Vidole vyake vinene vilisukuma kioo juu ya kioo, taratibu. Kikakauka kivulini, kikatiwa rangi, kikaoshwa. Tusekile akainama. Alikisogeza kioo huku na huku mpaka Nkuba akajifuta jasho.

"Zinasomeka," alisema hatimaye. "Zote nzima. Njoo."

Nkuba alijikunja mpaka jicho likafikia. Lilikuwa tone la ndama wake mwenyewe, aliyezaliwa Usangu.

"Huu ni ugonjwa gani?" aliuliza.

"Hana ugonjwa. Ndivyo alivyo ndani."

Hakuinuka. Dakika zikapita, wenzake wakaanza kunong'ona kwamba zamu yao inachelewa.

"Kumbe hata uzima unaonekana," alisema Nkuba, jicho likiwa bado pale.

Tusekile alimwekea kioo kipya kando ya mkono. "Haya," alimwambia. "Tengeneza kingine."